Gari Lililovaa Sketi

Firmin alikuwa na masikio ambayo madereva wa Kakuma waliyasifu kuliko spana zake. Lori likiingia gereji yake kutoka Lokichoggio, hakuwa na haraka ya kufungua boneti. Alimwambia dereva aliache lingurume, akachukua ufito wa mti wa mathenge, ncha moja akaigusisha kwenye injini na nyingine akaiweka sikioni, kisha akafumba macho. Baada ya kitambo angesema, "Silinda ya tatu inalia," au, "Hii haina ugonjwa, ina kiu tu," na mara nyingi ikawa hivyo.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake kule Uvira, mtu aliyetengeneza injini za boti maisha yake yote na kuzikwa na grisi kwenye kucha. Firmin alifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka elfu mbili na kumi na mbili, yeye na mkewe Immaculée, na mtoto wao wa kwanza, Serge, mgongoni mwa mama. Mfukoni alikuwa na spana namba kumi na tatu aliyoisahau humo siku waliyokimbia vita. Hakuwa na kingine.

Gereji yake ilikuwa mabati manne juu ya miti, kando ya barabara kuu, unapotoka mjini kuelekea kambini, na familia iliishi chumba cha nyuma. Upande wa pili wa bati la ukutani aliketi jirani yake, mjane wa Kirundi aitwaye Stéphanie, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Alishona sare za shule na kanzu za kwaya. Alikuwa na mtoto mmoja, Boris, aliyemwacha kwa bibi yake kule Rumonge, kwa hiyo watu walimwita Mama Boris, naye akamwita Firmin Papa Serge. Bati lile lilikuwa na matundu, na kupitia matundu hayo wawili hao walizungumza miaka nenda miaka rudi bila kuonana nyuso mchana kutwa.

Sketi ilianzia hapo. Mwaka mmoja wa ukame, malori ya kwenda Sudan Kusini yalikuwa yanakufa njiani kwa sababu ya vumbi. Vumbi la upande wa Kalobeyei si mchanga, ni unga, laini kama ule wa muhogo, nalo huziba chujio la hewa mpaka injini ikakosa pumzi. Firmin akajaribu kulivika chujio kipande cha gunia. Lori likaenda hatua mia mbili, likazimika. Akajaribu gunia lingine, likazimika tena. Akasikia kicheko upande wa pili wa bati.

"Weye Papa Serge! Unamufunga mutu pua na gunia, halafu unauliza kwa nini hapumui?"

"Basi njoo ufunge weye."

Stéphanie alikuja kweli, na futi yake ya kupimia shingoni. Alilizunguka chujio, akaligonga kwa kidole, akauliza hewa inaingilia wapi. Siku ya pili yake akaleta kitu kilichowafanya madereva wacheke hadi machozi. Ndani kilikuwa cha chandarua kilichochakaa, nje kitambaa kizito cha pamba, na chote kimeshonwa kwa marinda, kama sketi ya mtoto wa shule. Uzi wake ulikuwa mwekundu kwa kuwa ndio uliobaki kwenye kanzu za kwaya. Alieleza kwamba marinda yana nafasi nyingi ya kupumulia, na gari likitikisika nayo yanatikisika, vumbi linaanguka lenyewe. Lori lilifika Juba na kurudi. Tangu hapo madereva walikuwa wakipaza sauti toka barabarani, "Fundi, nivalishie huyu sketi!" Firmin alizifunga, Stéphanie alizishona, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna siku mtu angeuliza zilikuwa za nani.

Mwanzoni mwa mwaka elfu mbili ishirini na nne, Mturkana mmoja aitwaye Ebenyo alisimamisha pikapu mbele ya gereji. Firmin alimfahamu, aliwahi kumtengenezea gia.

"Ejok, fundi."

"Ejok, Ebenyo. Leo nini inalia?"

"Yangu iko sawa. Kuna wazungu hapo Kalobeyei, gari yao imekataa. Gari mpya kabisa, fundi, na inazimika kama ya mzee! Kuja uisikize."

Njiani Ebenyo alimweleza. Kulikuwa na kampuni iitwayo Oltrava, waundaji wa magari madogo ya familia, yale ya kupeleka watoto shule na kurudi na mboga. Miaka sitini hawakuwa wameshindana mbio zozote. Sasa wakubwa wao walikuwa wameamua kuingia mashindano ya dunia ya jangwani, ya daraja la juu kabisa, siku kumi na mbili katika mchanga, dhidi ya makampuni yaliyozeeka katika kazi hiyo. Walikuwa wamekodi boma Lodwar, karibu na mto Turkwel, ili walijaribu gari lao mahali penye joto na vumbi la kutosha. Ebenyo ndiye aliyewaongoza njia.

Gari lilikuwa limekaa katikati ya uwanda, jeupe, limeinuka juu ya magurudumu makubwa, na watu wanane wamelizunguka kama wafiwa. Mkuu wao alikuwa mwanamke mwenye mvi chache, Sylviane, mhandisi, na alipofungua kinywa Firmin akasikia Kifaransa. Miaka kumi na miwili hakuwa amezungumza Kifaransa na mtu wa kazi yake. Ulimi ulimwia mzito kidogo, halafu ukafunguka.

Hakuhitaji hata ufito. Alitoa chujio, akaligeuza, unga ukamwagika juu ya viatu vyake. "Mama," akasema, "mnamkimbiza mgonjwa wa pumu ndani ya ghala la unga."

Sylviane alicheka, kisha akauliza angefanya nini. Firmin alikumbuka kwamba gereji kulikuwa na sketi moja ambayo dereva wake hakurudi kuichukua. Ebenyo akaenda kuileta. Ilikuwa kubwa kidogo, wakaikaza kwa waya. Gari likaondoka kwa kishindo, likapotea, likarudi baada ya saa moja, likapotea tena. Kesho yake likatoka Lodwar hadi Kerio na kurudi, siku iliyofuata Eliye Springs, na chujio lilipotolewa lilikuwa safi.

Kampuni iliandika barua kwa ofisi ya kambi, Firmin akapata kibali cha kutoka kambini. Kila Jumatatu alikwenda Lodwar na Ebenyo, kila Jumamosi alirudi Kakuma. Walimpa ovaroli ya buluu yenye jina la kampuni mgongoni. Alikaa meza moja na wahandisi, akaulizwa maoni, na maoni yake yakaandikwa. Ambaye hajaishi miaka kumi na miwili akipanga foleni ya unga, na kujulikana kwa namba iliyo kwenye kadi, huenda asielewe kwa nini mtu mzima aliweza kuwaza jambo hilo njia nzima akitabasamu dirishani.

Wiki ya sita, mkurugenzi wa mbio alifika kutoka makao makuu. Walimtembeza uani, wakamwonyesha gari, na Sylviane akainua ile sketi, imechakaa, uzi mwekundu umefifia. "Hiki ndicho kilichotuokoa," akamwambia. Kisha akamgeukia Firmin. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amemdokeza kwamba kampuni ingependa kuchukua mtu wa hapa, imfundishe kiwandani mwaka mzima, aende mbioni na timu.

"Hatujawahi kukuuliza, Firmin. Nani alikibuni?"

"Ni mimi," Firmin akasema.

Hakuwa amepanga. Maneno yalikuwa mafupi mno, yalitoka kabla hajayatazama. Mara moja akajiambia si uongo wote. Chujio alilitoa yeye, tatizo alilijua yeye, hata gunia lilikuwa lake. Akajiambia pia kwamba angelirekebisha baadaye, watu wakiwa wachache. Mkurugenzi akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Mpiga picha akaja, akamsimamisha kando ya gari, akamwomba aishike sketi kifuani. Firmin akaishika.

Jumamosi hiyo alimweleza Immaculée. Mkewe alikuwa anapepeta maharage. Aliendelea kupepeta, kisha akauweka ungo chini.

"Mama Boris anajua?"

"Nitamwambia."

"Mwambie leo. Kesho hiyo maneno itakuwa imeota meno." Kisha akaongeza, "Serge alipougua malaria ya kichwa, nani alikaa na miye hospitali wiki muzima? Weye ulikuwa Lokichoggio na lori ya watu."

"Nafasi ni moja, Immaculée. Wakisikia kuna mwingine, watachagua nani?"

"Basi wachague."

Firmin aliinuka. Alitoka, akasimama karibu na bati lenye matundu, akasikia cherehani ikienda upande wa pili, akarudi ndani.

Mwezi wa tisa Sylviane alimwita. Kiwandani walikuwa wamejaribu kushona sketi zao kwa mashine za kisasa, zikaziba siku ya kwanza. Mbio zilikuwa Januari. Je, Firmin angeweza kuwatengenezea arobaini, kwa kipimo kamili? Firmin akasema angeweza. Akaenda kwa Stéphanie na karatasi ya vipimo.

"Arobaini!" Stéphanie akashangaa. "Ni malori ya nani hayo?"

"Ya tajiri moja wa Lodwar. Anaanza biashara ya kupeleka simenti Juba."

"Mungu amubariki. Karo ya Boris imepatikana." Akaichukua karatasi, akaisoma. "Lakini hizi lori ziko na pua ndogo, Papa Serge."

"Ni modeli mupya," Firmin akasema, akaangalia pembeni.

Alizishona moja moja, kama alivyoshona kila kitu. Kabla ya kukata alikilowesha kitambaa usiku mmoja katika maji ya chumvi, akakianika, akakilowesha tena. Firmin alizoea kuona vile vitambaa vikiwa kwenye kamba na hakuwahi kuuliza ni vya nini. Alipita jioni, akamsifu, akabeba zilizokwisha. Zilifika ishirini na nane.

Kisha kampuni ikatoa filamu yake. Ilikuwa fupi, ya dakika tatu, ya kutangaza kwamba Oltrava inaingia mashindano ya dunia. Ilionyesha gari jeupe likiruka juu ya matuta ya mchanga wa Turkana, na katikati yake akatokea mtu mmoja mwenye ovaroli ya buluu, ameshika kitu kifuani, na sauti ikasema kwamba mkimbizi huyu, peke yake, katika karakana ya mabati, alibuni kile ambacho wahandisi hawakukiona.

Jumapili hiyo, watu walipokuwa wanatoka kanisani, simu ilikuwa inapita mikono kwa mikono. "Fundi wetu ako kwa filamu! Ako na wazungu!" Watu walimpiga Firmin mabega, wengine wakamwimbia. Immaculée alikuwa amekwisha kuondoka, amewashika watoto mikono. Stéphanie aliiomba simu. Aliitazama filamu mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akaisimamisha pale Firmin aliposhika sketi, akaikuza picha kwa vidole viwili. Aliitazama kwa muda. Halafu akamrudishia mwenye simu.

"Imepigwa vizuri," akasema, akachukua mwavuli wake, akaenda.

Firmin alimfuata. Alimkuta kibandani pake, hajakaa, ameegemea cherehani.

"Mama Boris..."

"Uzi wangu ninaujua, Papa Serge."

"Niliulizwa gafula. Mukubwa wao alikuwa amesimama pale. Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

Firmin aliokota kipande cha uzi chini, akakizungusha kidoleni.

"Na hizi arobaini?" Stéphanie akauliza. "Hakuna tajiri?"

"Hakuna."

Stéphanie aliinama, akatoa chini ya meza kifurushi cha vitambaa visivyokatwa bado, vya sketi kumi na mbili zilizobaki. Alivinyoosha, akavikunja vizuri, pembe juu ya pembe, kama anayemkabidhi mteja sare mpya. "Mupya hizi, zimetoka dukani juzi. Maliza weye. Si weye ndiye uliyebuni?"

Hakupaza sauti. Firmin baadaye alimwambia Immaculée kwamba angefurahi kama angepigwa kwa mkasi.

Siku nne Firmin alikuwa na kile kifurushi na hakwenda kubisha. Mara mbili alisimama kando ya bati. Angeomba radhi? Angemwambia Sylviane kila kitu kwanza, kisha aje na habari njema mkononi? Aliona kila njia inapitia mahali pamoja, pale pa kusema kwa mdomo wake, na hapo ndipo miguu ilipokataa. Siku ya tano alichukua vitambaa akaenda kwa fundi cherehani mwingine sokoni, wakakata na kushona pamoja, yeye akiyahesabu marinda kwa kuangalia zile za mwanzo. Kwa macho zilifanana. Kwamba maji ya chumvi hukifanya kitambaa kijikunje kabla ya kukatwa, kisijikunje tena kikifuliwa, hakujua, na mtu pekee wa kumwambia alikuwa upande wa pili wa bati.

Alipozipanga kwenye boksi, alifanya jambo ambalo mpaka leo likimjia huacha alichoshika. Zile kumi na mbili hakuziweka peke yake. Alizichanganya na zile ishirini na nane, moja hapa, mbili pale, ili pasiwe na mtu wa kuona tofauti. Kisha akampa Ebenyo boksi alipeleke Lodwar.

Januari ilipofika, walikusanyika katika hoteli moja ya Lodwar yenye televisheni kubwa: Ebenyo, wapishi wa lile boma, walinzi, na Firmin katika ovaroli yake. Hakuna aliyetarajia Oltrava imalize hata nusu. Siku ya kwanza ilikuwa ya kumi na tisa. Siku ya tano ilikuwa ya tisa. Siku ya nane ilikuwa ya nne, na hoteli nzima ikasimama, watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli wakilishangilia gari lililojifunzia kutembea kwenye vumbi lao. Ebenyo alimkumbatia Firmin. "Hiyo njia ya Kerio ndiyo imeifundisha!" akapiga kelele.

Siku ya tisa lilisimama. Kamera ya helikopta ilionyesha gari jeupe juu ya uwanda, mlango umefunguliwa, dereva ameketi kivulini mwa gurudumu amevua kofia. Magari mengine yakampita, kila moja likiacha mkia wa vumbi. Hotelini mtu akasema labda ni tairi. Firmin alijua si tairi. Alitoka nje akakaa kwenye ukingo wa barabara, joto likimpiga utosini, hakuhisi.

Sylviane alimpigia simu baada ya siku tatu. Hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu.

"Kila jioni tulifua iliyotumika, kama ulivyotufundisha. Moja ilijikunja ilipokauka. Tukaivalisha hivyo hivyo. Ikapasuka kwenye mshono, nyuzi zikaingia ndani, vumbi likafuata. Injini imekwisha. Nimezifungua zilizobaki. Nyingine zimeshonwa na mkono mmoja, nyingine na mkono tofauti. Ni nani wa pili, Firmin?"

Hapo mlango ulikuwa wazi wote. Mwanamke alikuwa ameufikia ukweli mwenyewe, akausogeza mpaka mbele yake, ilibaki yeye kuitikia tu.

"Huenda ni kitambaa," Firmin akasema. "Kitambaa cha safari ile kilikuwa kibaya."

"Haya," Sylviane akasema. Akamshukuru kwa kazi, akamtumia mkewe salamu. Habari za kiwandani hakuzitaja, wala hazikutajwa tena. Kabla ya Pasaka lile boma la Lodwar lilifungwa, na katikati ya mwaka Oltrava ikatangaza kwamba imejitoa mbioni. Ilirudi kwenye magari yake ya kwenda shule na sokoni. Ebenyo akarudi kubeba abiria na mbuzi.

Mwaka huo mgao wa chakula ulipunguzwa kambini, na Warundi wengi wakajiandikisha kurudi kwao. Stéphanie alikuwa miongoni mwao. Immaculée ndiye aliyeileta habari nyumbani, akaieleza akiwa amempa mumewe mgongo.

Siku ya safari Firmin alikwenda kwenye uwanja wa mabasi kumuaga. Uwanja ulijaa masanduku, magodoro, sufuria zilizofungwa kwa kamba, watu wakiitwa majina kwenye orodha. Alimwona Stéphanie karibu na mizani, amevaa kitenge chake cha kanisani, anajaribu kuinua kichwa cha cherehani kilichofungwa ndani ya blanketi. Firmin alikwenda, akakishika upande wa pili. Wakakiinua pamoja, wakakiweka juu ya mizani.

"Aksanti, Papa Serge. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Boris?"

"Amekuwa murefu, wanasema. Sitamujua." Akacheka kidogo.

Alikuwa amesimama mbele yake, karibu kuliko siku zote za kuzungumza kwa matundu ya bati. Firmin alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha, yote yalikuwepo. Akaitazama kamba iliyozungushwa kwenye blanketi.

"Imefungwa vizuri," akasema.

"Ndiyo. Nimeifunga miye mwenyewe." Jina lake likaitwa. "Mubaki salama," akasema, akaenda kupanga mstari, na hakugeuka, si kwa hasira, ila kwa kuwa mstari ulikuwa unasonga.

Baada ya hapo Firmin alikuwa mtu wa kufanya kazi bila kusema. Kibanda cha jirani kilipata mpangaji mpya, mwanamke wa Kidinka aitwaye Yar, muuza chai, mcheshi, na Firmin akayaziba matundu ya bati kwa lami. Alimwambia ni kwa ajili ya vumbi.

Miezi mitatu ikapita ndipo alipoomba karatasi kutoka kwenye daftari la Serge, akaandika barua kwa Kifaransa, kurasa nne. Alieleza gunia, marinda, uzi mwekundu, tajiri wa simenti asiyekuwepo, vitambaa kumi na viwili, na boksi alilolichanganya kwa mikono yake. Serge akaipiga picha, akaituma kwa anwani ya zamani ya Sylviane. Firmin hakutarajia jibu.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Sylviane alikuwa amehamia kampuni nyingine. Alisema alishuku tangu siku ile ya simu, na hakumlazimisha kwa sababu aliona si yeye wa kumtolea mtu ukweli kinywani. Alisema amesikitika. Kisha akaandika mistari ambayo Firmin alimwomba Serge amsomee tena, kana kwamba hakijui Kifaransa.

"Nafasi tulizokuwa nazo zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa yako hata bila sketi, kwa sababu ya masikio yako. Ya pili niliitafutia mtu wa vitambaa, nikauliza Nairobi, nikauliza kwetu, sikumpata. Iliachwa wazi mpaka mwisho. Naomba nambari ya huyo mama."

Immaculée alikuwa akisikiliza mlangoni. Firmin alitegemea atasema kitu, hata cha kumchoma. Mkewe aliketi tu kando yake, akamshika goti.

Nambari ya Rumonge ilichukua siku kadhaa kupatikana, kupitia kwa Mrundi mmoja wa kanisani. Mara ya kwanza haikuingia, ya pili ikaita bila kupokewa. Ya tatu, sauti ya Stéphanie ikaja, na nyuma yake kelele za watu wengi.

Firmin alisema yote kwa pumzi moja, aliogopa mtandao, na aliogopa moyo wake zaidi. Alimwambia alichomwambia Sylviane, akamwambia kuhusu barua, akamwambia nafasi zilikuwa mbili. Akasema, "Nilikukosea, Mama Boris. Nilikukosea mara nyingi." 

"Nimesikia," Stéphanie akasema.

"Yule mama anaomba nambari yako. Ako kampuni ingine sasa. Labda..."

"Mupatie, hakuna shida." Akavuta pumzi. "Papa Serge, ungeniambia siku ile ya karatasi ya vipimo, ningekushonea hizo arobaini bila kuuliza kitu. Hata kama wangekuchukua weye peke yako. Ulijua hivyo?"

Firmin alitaka kusema hakujua. Lakini alijua, alikuwa anajua tangu mwanzo. "Nilijua," akasema.

"Haya. Salimia Immaculée."

Simu ikakatika, au aliikata. Immaculée alikuwa amesimama karibu na jiko, mwiko mkononi, anamtazama.

"Amesema nini?"

"Anakusalimia."

"Na nini ingine?"

Firmin aliiweka simu juu ya meza kifudifudi. Barabarani lori lilikuwa limesimama mbele ya gereji, dereva akipiga honi na kuita fundi. Alikaa kidogo, kisha akainuka kwenda kuona lina nini.